Mgeuza Kurasa wa Bad Ellern

Saa tisa na nusu alasiri bendi ya Bad Ellern, mji wa Kijerumani wa chemchemi za tiba, ilipanda kibandani bustanini kama kawaida, na wagonjwa waliokuja kuoga maji ya chemchemi wakaanza kula keki ya plamu, wakifukuza nyigu kwa vijiko. Bi Klara Sandmann alikaa meza ya pembeni, mkoba magotini. Meza ile aliipenda kwa sababu kutoka hapo aliiona vizuri stendi ya mwisho ya karatasi za nota za wapiga fidla.

Wapiga fidla hukaa wawiliwawili, karatasi yao moja. Wa nje hupiga bila kusita. Wa ndani ndiye anayegeuza ukurasa. Kwenye stendi ile wa nje alikuwa Bwana Dölling, mtu mnene mwenye masihara. Wa ndani alikuwa Leopold, mume wa Bi Klara, ambaye wakati wa vita alipandishwa treni kwa kosa la kuzaliwa Myahudi, asirudi akiwa hai.

Hata hivyo Leopold alikuja, ila ilipopigwa waltzi tu, ile dansi ya mapigo matatu. Alipanda ngazi na koti lile alilotoka nalo nyumbani, mabegani theluji, hata katika joto la Agosti. Fidla hakuwa nayo, walimnyang'anya. Kwa hiyo aligeuza kurasa. Waltzi ilipokwisha alishuka, akapita katikati ya meza, akaenda zake. Siku ya kwanza kiongozi wa bendi aliuliza kama kuna kiti cha ziada. Kikaletwa.

"Mumeo anageuza vizuri, mama," Dölling alimwambia Bi Klara. "Niliyekuwa naye zamani alikuwa na vidole kama soseji. Ukurasa mmoja, vita vizima."

"Hata gazeti aliligeuza hivyo hivyo," Bi Klara alisema. "Humsikii."

Waltzi ilijulikana nchi nzima, na juu ya kila karatasi iliandikwa kuwa mtunzi wake ni Egon Wiesentrauf. Egon alikuwa mtoto wa fundi wa vinanda. Ujanani alipiga piano katika sinema za Berlin, Leopold akiwa ubavuni na fidla, wawili hao wakigawana soseji moja. Baadaye alitunga nyimbo za filamu, za mabwalo ya dansi, za tangazo la dawa ya meno. Lakini iliyomtajirisha ni waltzi. Redio iliwapigia askari waliokwenda vitani, kisha ikawapigia waliokuja kuwashinda. Serikali zilianguka, waltzi ikabaki imesimama.

Leopold aliitunga kwa mluzi, jikoni, Bi Klara akimenya njegere. Mwaka huo watu wa aina yake walikatazwa kuweka jina kwenye muziki. Egon akaja, akakaa kwenye meza ileile ya njegere. "Leopold, niachie niweke jina langu," akasema. "Upepo ukipita, tunarudisha lako. Mungu shahidi."

Upepo ulipita. Ulipita na Leopold.

Sasa Egon alikuwa akitimiza miaka sabini, na mji ulitaka kumvisha nishani. Bi Klara, aliyekuwa amesali juu ya ahadi ile tangu vita viishe, alimngoja penye chemchemi, mahali Egon alipokuwa akinywa glasi yake ya maji ya asubuhi.

"Shemeji! Huzeeki," Egon alisema.

"Nazeeka, Egon. Kesho wakikupa kipaza sauti, taja jina lake. Mara moja tu. Nishani kaa nayo."

Egon alikunywa, akakunja uso. Maji yale yananuka yai bovu. "Shemeji, watu wanakuja hapa kupona. Nikianza kutaja wafu, keki itawashuka?"

"Mwenyewe yuko pale kila siku. Wanamwona."

"Wanamwona, na hawaulizi. Hiyo ndiyo adabu."

Kesho yake meya alimvisha nishani. Egon alishika kipaza sauti, akatazama meza zote isipokuwa ya pembeni. "Mara nyingi naulizwa waltzi hii ilitoka wapi," alisema. "Ilinijia nikiwa peke yangu, nikitembea kando ya mto." Wakapiga makofi. Bi Klara alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

Bendi ikaanza. Leopold akapanda, akakaa, akageuza wa pili, akageuza wa tatu. Ulipofika mwisho wa ukurasa wa nne, alizishika karatasi zote akazirudisha mwanzo. Kwenye stendi nyingine kurasa zikarudi pamoja naye, kama majani yanayofuata upepo mmoja.

Dölling aligeuza jicho kwa kiongozi wa bendi. Mwanamuziki wa kule hashushi upinde wa fidla iwapo karatasi bado ina nota.

"Imeandikwa," kiongozi alisema. "Tupige."

Bi Klara aliyajua maneno hayo. Polisi aliyekuja mlangoni kumchukua Leopold alikuwa mtu wa heshima. Alivua kofia, akaonyesha karatasi, akasema hivyo hivyo: imeandikwa, mama.

Jioni ilipoingia taa ziliwashwa, na waltzi ilikuwa bado inapigwa. Baraza la mji likakutana, likaajiri bendi ya pili ili wapokezane. Madaktari waliona inafaa kwa mishipa ya fahamu. Wageni wakaongezeka, ratiba zikachapwa upya, jina la Egon kwa wino wa dhahabu. Egon mwenyewe alihamishiwa chumba cha nyuma cha hoteli, akafungiwa madirisha mawilimawili asiisikie. Mhudumu alisema mzee hana shida, ila kidole chake hugonga shuka moja-mbili-tatu hata akiwa usingizini, na ukucha umeshatoka.

Novemba, Leopold akiwa bado hajashuka, Bi Klara alimfumia skafu, akapanda ngazi za kibanda bendi ikipiga. Alipangusa theluji mabegani mwa mumewe. Ikadondoka nyingine.

"Leopold," alisema. "Baba, yatosha. Twende nyumbani."

Leopold alimtazama kwa mara ya kwanza tangu arudi. Kisha akaweka kidole juu kabisa ya karatasi, palipo na jina la Egon, akakiacha pale. Bi Klara akainama kuliangalia jina lile pamoja naye.

"Samahani, mama," kiongozi wa bendi alisema kwa upole, mkono ukiendelea kuhesabu mapigo. "Unamzibia Bwana Dölling karatasi."

Bi Klara akasogea.