Abiria wa Ijumaa

Ijumaa asubuhi, katika kiwanda kimoja cha sehemu za ndege huko Nouaceur, nje ya Casablanca, mhandisi Ibtissam Lahrichi alikuwa akigonga mkia wa ndege kwa sarafu ya dirhamu. Ndivyo wanavyokagua: tabaka za kaboni zikishikana, mlio hutoka mkali, zikiachana, hutoka mzito, kama wa ubao uliooza. Karibu na bawaba mlio ulikuwa mzito. Alirudia. Ukawa mzito tena.

Abiria wa ndege hiyo walikuwa wameanza kuingia tangu Jumatatu, siku aliyokataa kuupigia mkia huo muhuri wa kibali. Waliketi katika chumba cha ukaguzi, tiketi mikononi, ingawa ndege yao ilikuwa bado haijaunganishwa. Kila sarafu ilipogonga, walinyamaza.

"Bi Ibtissam, lori liko getini," alisema mkurugenzi Sefrioui. "Nimwambie nini mteja? Kwamba una masikio mazuri?"

"Mwambie asubiri, bosi. Hawa watu watakufa."

Sefrioui aliwatazama. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyeagiza waongezewe viti.

"Mbona hawalalamiki?" alisema. "Ni wewe tu."

Ilipofika saa ya kuskusi, chakula cha mchana cha kila Ijumaa, mpishi wa kiwanda aliongeza masinia. Abiria walikula kwa adabu, naye akawaambia wasione haya, maboga yapo tele.

Walipokuwa wakila, Sefrioui alimkabidhi muhuri Zouhair, mhandisi aliyeajiriwa majuzi na aliyekuwa akijiandaa kuoa.

"Nisamehe, dada," Zouhair alisema. "Nikikataa mimi, watampata mwingine."

"Gonga mara moja tu, usikie."

"Nikisikia sitaweza."

Akapiga muhuri. Mkia ukapakiwa, lori likaondoka. Abiria wakafuta mikono, wakamshukuru mpishi, wakafunga viunoni mikanda ya viti vya ndege na kupanga foleni kulifuata. Ibtissam alisimama mlangoni akiwazuia kwa mikono yote miwili. Walimpita mmoja mmoja, wakimwomba radhi.

Wa mwisho alikuwa bibi mmoja mwenye kanzu ya kijani, mkanda wake ukining'inia.

"Binti yangu, nifungie. Vidole havina nguvu."

"Usiende, mama."

"Wajukuu wananisubiri, mwanangu. Nifungie."

Ibtissam alipiga magoti, akaufunga, kisha akauvuta kwa nguvu zake zote kuukagua. Ulikuwa mkanda imara.