Barua Yenye Manjano Pembeni

Msinione napayuka. Nina hasira, na hasira zenyewe nusu ni kwa Yalini, nusu ni kwangu mimi Joha.

Yalini ni binti wa nyumba niliyofanya kazi Bur Dubai, Wahindi wa Kitamil. Nimemlea tangu ana miaka mitatu. Kiingereza alikipata kwa wazazi, na Kiswahili changu cha Tanga alikimeza chote, mpaka kusonya. Kitamil, lugha ya damu yake, ndicho kilichomshinda.

Alipoingia sekondari, shule iliwataka wachague: Kitamil au Kifaransa. Akachagua Kifaransa, eti alama zake rahisi. Nikamwambia, "Wee mtoto, mwacha asili ni mtumwa." Akanicheka. "Anti Joha, Kitamil niongee na nani? Na muuza nazi?" Madam, mama yake, akasema yalla, mwacheni, chuo kikuu hakiulizi Kitamil. Sir, baba yake, akatia saini. Khalas.

Na mwaka huohuo ndipo bibi yake, mama wa sir, alipofiwa na mume akaletwa kuishi nasi! Paati tulimwita, ndiyo bibi kwa lugha yao, na lugha nyingine hakuwa nayo. Aliposikia mjukuu ameacha Kitamil, alishinda jikoni akichambua dengu nilizokwisha kuzichambua.

Mimi nilijifunza kwake palepale jikoni, cha kusikia na kusema. Herufi zao sijui hata moja. Miaka minne mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao. Paati anasema, nageuza. Yalini anajibu, nageuza tena. Mtu na mjukuu wake wanahitaji mwanamke wa Tanga ndipo wasalimiane! Ilinikera, wallahi.

Mwaka 2007 Paati akaanza kusahau jiko linawaka. Sir na madam wakaamua arudishwe India, kwenye nyumba ya wazee, Madurai. Nikamuuliza, "Paati, umeridhia?" Akajibu, "Mwanangu ameamua," akaendelea kukuna nazi. Nami nikarudi kuosha vyombo. Mfanyakazi wa ndani aingilie ya sir na mama yake? Ningetangulia mimi kupandishwa ndege.

Wiki mbili kabla ya safari, Paati alimpa Yalini karatasi iliyokunjwa, pembe zake nne zimepakwa manjano. Wenyewe hupaka hivyo barua za heri, kadi za harusi na kadhalika. Yalini akaibusu, akaitia kwenye kikebe chake cha kalamu.

"Imeandikwa nini?" nikamuuliza.

"Baraka za mtihani, Anti. Si unaona manjano?"

"Mpe baba yako akusomee."

"Baraka hazisomwi, zinabebwa," akasema, huyoo, akatoka zake. Kwa maneno mazuri hajambo!

Tangu siku ile Paati akawa anamsubiri mlangoni kila asubuhi, anamtazama usoni. Yalini anambusu shavu, anakimbilia basi la shule. Siku ya safari, uwanja wa ndege, Paati alimshika mikono akasema kitu, nikageuza: "Anasema amekuelewa." Yalini akatabasamu. Hakuuliza kaelewa nini, na mimi mjinga sikuuliza.

Siku ya nne ukimya wa nyumba ukanishinda. Nikamwambia Yalini tuteremke dukani, Selvam muuza nazi atusomee hizo baraka, angalau tumsikie bibi. Selvam akajifuta mikono, akaanza kwa sauti kubwa. Mstari wa tatu akaipunguza. Wa tano akanirudishia karatasi. "Dada, hii si ya kusomwa dukani."

"Soma!"

Akasoma, nami nikageuza, wateja wakisubiri nyuma yetu: "Mjukuu wangu, nimepaka manjano ili mama yako akiiona asishtuke. Sitaki kwenda Madurai. Siwezi kumwambia baba yako. Mama hamwombi mwanawe pa kulala. Lakini wewe hakunyimi kitu. Mwambie. Kama na wewe unaona niende, usinijibu. Nitaelewa."

Yalini alikuwa mweupe midomo. "Kwa nini hakukwambia wewe, Anti? Wewe ungemwelewa!"

"Kwa sababu alitaka kusema na mjukuu wake, si na mfanyakazi!" Nilimfokea mbele za watu. Nikaona vibaya papo hapo, lakini neno lilikwisha kutoka, na lilikuwa kweli.

Sir aliporudi kazini Yalini akamweleza kila kitu. Sir akashika kichwa. Mbona mama hakusema? Visa imekwisha kufutwa, inshallah mwakani. Hiyo inshallah ya mwakani sote tunaijua. Akapiga simu Madurai, akaweka spika, akamsukumia binti yake.

Nikasogea nigeuze, kama kawaida yangu. Yalini akanizuia kwa mkono. "Hapana, Anti. Mimi mwenyewe."

"Paati," akasema.

Bibi akaitikia, akamwaga maneno mengi, ya furaha, ya kuuliza. Yalini akafungua mdomo. "Paati," akasema tena. Machozi yakaanza kumtoka. Mwana wa miaka kumi na mitano, Kifaransa alama tisini, anatafuta neno la kuombea radhi kwa bibi yake na halipo. "Paati. Paati."

 Kisha nikamsikia bibi, kwa upole kabisa, akimwambia ampe Joha simu.

Hilo Yalini alilielewa. Akanipa.