Sentimita Themanini za Korido

Hospitali ilitoa sharti moja: korido iwe na upana wa sentimita themanini kutoka mlango wa mbele hadi chumbani kwa mama, ambaye sasa alitumia kiti cha magurudumu. La sivyo, angepelekwa kwa mwanawe mkubwa, ambako yeye na mkwewe walikuwa hawajasemezana kwa miaka sita. Muuguzi angekuja kupima Ijumaa saa nane mchana.

Jumatatu korido ilikuwa na sentimita arobaini na moja. Nafasi iliyobaki ilishikwa na mali za kitindamimba, fundi redio aliyeishi na mama na kuamini kwamba hakuna kifaa kisichopona. Dada yake, mtunza bohari wa kiwanda cha mabati, alifika na futi na chaki.

"Dada, hivi vyote vina kazi."

"Hata mimi nina kazi, nimeomba ruhusa ya siku moja. Hii pasi?"

"Inataka waya tu."

"Tangu lini?"

Fundi alikumbuka kwa uaminifu. "Tangu baba yupo."

Dada hakugusa chumba kingine. Alianzia mlangoni, akaenda mita moja moja. Kilichotumika mwaka huo alikichora duara, kikapelekwa mahali pake. Kisichotumika alikichora msalaba. Cha kubishaniwa kiliingia katika boksi moja tu, na boksi likijaa ubishi umekwisha. Likajaa saa nne na robo. Picha na barua aliziweka kando bila kuzifungua: anayefungua bahasha moja hapangi tena kitu siku hiyo.

Jioni vya msalaba vyote vilikuwa barazani.

"Kesho mwite mwenye mkokoteni. Kilicho mlangoni bado hakijatoka."

"Nimesikia, dada."

Alisikia kweli, ila mwenye mkokoteni alikuwa amefiwa. Kufikia Jumatano mtaa ulikuwa umeona redio, pasi na feni zimejipanga barazani kwa fundi, ukaamini amefungua karakana. Hakuna aliyechukua kitu. Watu kumi na wanne walileta. Fundi hakuwahi kumrudisha mtu na redio yake. Mvua ilipoanza aliingiza ndani vyao, kisha, kwa kuwa hakutaka ubaguzi, na vya msalaba.

Alhamisi jioni dada akapima. Thelathini na nane.

"Nilikuambia utoe."

"Nilitoa. Watu wakaleta."

"Mdogo wangu, mama anakwenda kukaa na wifi yangu. Andaa sanda mbili, hatujui atakayetangulia."

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili, fundi alichomeka chuma cha kulehemu. Hitilafu nyingi zilikuwa fyuzi na waya zilizokatika. Malipo hakutaka, mradi kila mwenye kifaa abebe chake, pamoja na vitu viwili vya nyumba hii.

"Feni haina panga, naipeleka wapi?" aliuliza mshona nguo.

"Kwako, mama."

"Kwangu kuna joto, siyo ujinga."

"We beba tu."

Akabeba. Vya msalaba viliisha kwa mtu wa kumi na mbili, na waliosalia wakapewa viti vya sebuleni waondoke navyo. Saa saba na nusu ilibaki redio moja, kubwa kama mbuzi, ya mwalimu mstaafu. Nayo ikiwa hapo, korido ilikuwa na hamsini na moja. Fundi aliifungua, akaitazama ndani kwa muda mrefu, akaifunga.

"Mwalimu, hii imekufa."

"Una hakika?"

"Ndiyo," alisema, kwa mara ya kwanza katika kazi yake. Akamsaidia kuibeba hadi kwake.

Muuguzi alipima mara mbili. Themanini na tatu. Akatia saini.

Saa kumi muuguzi alimleta mama, dada naye akiwa ametoka kazini. Magurudumu yalipita bila kugusa ukuta. Sebuleni akawatazama wanawe na muuguzi, wote wima.

"Mgeni amesimama. Viti viko wapi?"

"Vimetoka, mama," fundi alisema.

"Vyote?"

"Vyote."

"Afadhali mimi nimekuja na changu."