Plaizi Feki ya Bunloet

Bunloet alinunua plaizi yake ya kukunja kwenye gulio la hekalu, mezani kwa mtu anayeuza chaja za simu na miwani ya jua. Ukiikunjua unapata plaizi, na ndani ya mikono yake vimejibana kisu, msumeno mdogo, bisibisi mbili na kifungua chupa. Ubavuni ilikuwa na nembo ya kampuni kubwa, ila herufi moja imekosewa. Aliipata kwa baht mia mbili. Orijino kama aliyokuwa nayo mwenzetu Chanwit ingemla mauzo ya tambi ya wiki mbili.

Sisi tulikuwa waokoaji wa kujitolea wa hekalu la mjini. Kila mtu alikuwa na kazi yake. Bunloet aliuza tambi za supu sokoni, Chanwit aliuza vipuri vya pikipiki, na mimi, Chaba, nilikuwa nafua nguo za watu. Redio ikitangaza ajali tunaacha kila kitu. Mimi ndiye niliyeendesha gari, kwa sababu wale wawili walikuwa wanaendesha kama wendawazimu.

Siku Bunloet alipoileta plaizi yake kituoni, Chanwit aliipokea kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya aliyekufa.

"Umeokota wapi hii toi, kaka?"

"Nimeokota kwenu. Lete chupa hapo."

Bunloet akafungua soda, akakaza skrubu ya redio iliyokuwa imelegea, akakata kipande cha waya. "Haya. Ya kwako inafanya nini cha zaidi? Inakufulia?"

"Anafua dada Chaba. Ya kwangu kisu kikifunguka kinashika." Chanwit akafungua kisu cha ile feki, akaubonyeza mgongo wake kwenye ukingo wa meza. Kisu kikasita kidogo, kisha kikarudi kwenye mkono wake taratibu. "Umeona? Hiki kitakuja kula vidole."

"Sasa nani kakwambia nibonyeze kisu kwa mgongoni?"

Tukacheka. Na kusema haki, ile plaizi ilifanya kazi muda mrefu. Bunloet alifunga nayo mtungi wa gesi uliokuwa unavuja kwenye mgahawa, akaitumia kuchomoa ndoano kwenye mkono wa mtoto, akang'oa nayo kitasa cha mlango wa choo alimoangukia mzee mmoja akiwa amejifungia ndani. Kila akimaliza alikuwa anamtazama Chanwit. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaamua kununua kama hiyo.

Tatizo letu kubwa wakati huo lilikuwa watu wa Ng'ambo. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kundi jingine la waokoaji, na kati yetu na wao mpaka ulikuwa haueleweki. Anayefika kwanza ndiye anayembeba majeruhi, na anayebeba wengi ndiye anayepewa mafuta na sadaka na watu wa mji. Ndivyo ilivyoanza. Baadaye ikawa hakuna tena anayekumbuka mafuta. Walituvunjia kioo cha gari, tukawatoboa matairi. Kiongozi wao alikuwa Sakda, muuza barafu, bondia wa zamani mwenye pua iliyolala upande. Siku moja darajani yeye na wenzake walimkamata mdogo wake Bunloet akiwa peke yake, wakampiga kwa mabomba ya chuma mpaka taya likavunjika sehemu mbili. Alilishwa uji kwa mrija msimu mzima wa mvua.

Tangu hapo Bunloet hakutaka kulisikia jina la Sakda. Alikuwa anaosha mabakuli yake ya tambi kama anayekaba mtu.

Ajali yenyewe ilitokea mchana, mvua ikinyesha kwa nguvu. Pikapu iliyobeba mabalungi ilikuwa imeacha barabara na kupinduka kwenye mfereji wa umwagiliaji. Tulifika kabla ya mtu yeyote. Magurudumu yalikuwa juu, mabalungi yakielea mfereji mzima, na kutoka ndani ya gari tulisikia mtu akikohoa.

Mimi na Bunloet tuliruka majini. Maji yalitufika kifuani. Ndani kulikuwa na mwanamke wa makamo, ananing'inia kichwa chini, mkanda umemkaza kifuani na begani. Alikuwa anaikunja shingo ili pua ibaki juu ya maji. Niliingiza mikono dirishani, nikamwinua kichwa.

"Unaitwa nani, dada?"

"Rampha," akasema. "Usiniachie."

"Sikuachii. Bunloet, kata mkanda."

Chanwit alikuwa bado juu ukingoni, anafungua machela. Hapo ndipo gari la Ng'ambo lilipofika. Walishuka wanne, Sakda mbele, ameshika bomba.

"Tokeni humo," Sakda akasema. "Upande huu ni wetu."

"Kuna mtu ndani anakufa maji, Sakda," Chanwit akamjibu. "Njoo ushike machela, tutagombana baadaye."

"Wewe ndiye wa kunituma mimi?"

Nilisikia bomba likitua mwilini mwa mtu. Kutoka kule chini sikuona vizuri, niliona miguu tu, na mmoja wa wale wa Ng'ambo akiteleza kwenye tope na kuanguka, na Chanwit akimkanyaga. Bomba likatua tena. Chanwit alitoa sauti kama mtu anayenyanyua gunia.

"Bunloet, kata!" nikasema.

"Nakata! Hakiingii!"

Kisu chake kilikuwa kinatafuna mkanda badala ya kuukata. Nyuzi zilikuwa zinachanika moja moja. Gari lilizama kidogo zaidi kwenye tope, maji yakamfika Rampha midomoni, na macho yake yakanikazia mimi. Bunloet akabadilisha mkono, akaingiza kisu chini ya mkanda, akavuta kwa nguvu zake zote kuelekea kwake. Kikakataa. Akakisukuma nyuma ili akichomoe, na hapo mgongo wa kisu ukakwama kwenye chuma cha kiti.

Kilijikunja vidoleni mwake.

Hakupiga kelele. Alivuta pumzi tu kwa meno, akautoa mkono majini, nikaona vidole viwili vimefunguka mpaka mfupa, damu ikimwagika kwenye mabalungi. Plaizi ilikuwa bado imening'inia pale, imeviuma. Akaibandua kwa mkono mwingine.

"Vidole vyangu sivisikii," akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Rampha alikuwa ameshaanza kunywa maji. Nilipiga ukelele wa kumwita Chanwit. Sijui aliwatokaje wale watu. Alianguka majini karibu yangu, kichwa kimepasuka juu ya sikio, damu imemziba jicho moja. Orijino yake ilikuwa tayari mkononi, kisu wazi. Alipitisha mara moja begani, mara moja kiunoni, mkanda ukaachia, na mwanamke akatuangukia sote mikononi.

Tulimvuta mpaka ukingoni, tukamlaza ubavu, akatapika maji mengi. Alikuwa hai. Kama wale watu wangekuwa na akili timamu, mambo yangeishia hapo. Lakini Sakda alikuja, akashika kichwa cha machela.

"Huyu anapanda gari letu."

"Ondoa mkono," Bunloet akasema. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope, ameubana mkono wake uliokatwa kwapani.

Sakda akautazama ule mkono. Akacheka. "Mdogo wako anakula kwa mrija. Na wewe utalishwa na nani?"

Halafu akampiga. Hakumpiga kichwani wala mgongoni, alilishusha bomba juu ya ule mkono uliojeruhiwa. Safari hii Bunloet alipiga kelele, na mimi niliyefanya kazi hii miaka mingi sikuwahi kusikia mtu akilia vile. Nilimrukia Sakda kutoka nyuma, nikamng'ang'ania shingo, akanipiga kiwiko cha tumbo nikakaa chini. Pumzi ikagoma kurudi.

Nilimwona Bunloet akiinuka. Ile feki ilikuwa kwenye mkono wake wa kushoto, kisu kimefunguliwa tena. Akamchoma Sakda tumboni.

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua Sakda alikuwa amesimama vilevile, fulana imechanika, mkwaruzo mrefu unavuja damu kidogo juu ya mkanda wa suruali. Kisu kilikuwa kimejikunja tena kilipogusa mwili. Bunloet aliitazama plaizi, akamtazama Sakda, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa ghafla.

"Umenichoma?" Sakda akauliza, kama haamini. "Wewe, muuza tambi?"

Akalitupa bomba. Akamwangusha Bunloet, akamkalia kifuani, akaanza kumpiga ngumi za uso, moja baada ya nyingine, bila haraka, kwa ufundi wake wa zamani. Wenzake wenyewe walimwambia, "Inatosha, kaka." Hakusikia. Uso wa Bunloet ulikuwa unapoteza umbo.

Chanwit alitoka upande wa machela. Alikuwa bado ameshika kisu alichokatia mkanda. Sidhani kama alikumbuka kwamba kiko mkononi. Yeye mwenyewe alisema hivyo mahakamani na mimi nilimwamini. Alimkamata Sakda shingo kwa mkono mmoja ili amvute, na mwingine akampiga nao ubavuni, chini ya mbavu. Kile kisu hakikujikunja. Kiliingia chote, mpaka kwenye mkono wa plaizi.

Sakda aliacha kupiga. Akauliza, "Ni nini?" Kisha akakaa kwenye tope kama mtu aliyechoka.

Mvua ilikuwa bado inanyesha. Hakuna aliyesogea, mpaka Rampha alipokohoa pale chini. Ndipo sote tukawa waokoaji tena. Wale wa Ng'ambo walileta bandeji, mimi nikaleta gari. Tulimpakia Rampha upande mmoja na Sakda upande mwingine, na Bunloet akakaa mbele na mimi, uso wake umevimba hata macho hayaonekani. Nyuma alikuwa Chanwit, amepiga magoti, mikono yake yote miwili imekandamiza ubavu wa Sakda.

Nilikuwa namsikia akizungumza naye njia nzima.

"Kaka Sakda, fungua macho. Nitazame. Vuta pumzi ndogo ndogo."

"Barafu," Sakda akasema. "Gari la barafu nimeliacha wazi. Itayeyuka."

"Tutalifunga. Nitazame."

"Mwambie mke wangu alifunge."

Alikufa kabla hatujafika kwenye geti la hospitali. Chanwit hakuondoa mikono. Wauguzi walivibandua vidole vyake kimoja kimoja.

Polisi walipokuja, alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi, akawanyooshea mikono wamfunge pingu. Alihukumiwa miaka kumi na miwili, baada ya kupunguziwa kwa sababu alikiri na kwa sababu alijaribu kumwokoa Sakda. Orijino yake ilibaki kwa polisi, ndani ya mfuko wa plastiki. Bunloet naye alishtakiwa kwa kujeruhi. Daktari aliyechunguza maiti alisema mkwaruzo wa tumbo usingemwua hata kuku, hakimu akampa kifungo cha nje. Vidole vyake viwili havikunjiki tena. Tambi anazichota kwa mkono wa kushoto, na wateja wamezoea kusubiri.

Kwenye mazishi ya Sakda tulikwenda, tumevaa nguo nyeupe za kawaida bila nembo. Mkewe alitupokea kwa kuunganisha viganja kifuani kama anavyopokelewa mgeni yeyote, akatuletea maji ya kunywa. Bunloet alishindwa kuyanywa. Alishika ile glasi mpaka watawa walipomaliza kusoma.

Watu wanamwuliza sana, hasa wanaojitolea wapya, kama feki zinafaa kununuliwa. Wanategemea atazitukana. Huwa anawaambia kwamba kwa kufungulia chupa na kukazia skrubu zinafaa, wasipoteze hela yao. Mkanda wakatie kisu kile cha ndoano kisichokuwa na ncha, kinachouzwa madukani kwa waokoaji, na wasibebe kingine chochote chenye ncha wanapokwenda kwenye watu. Mmoja akamwambia, "Lakini kaka, ile feki si ndiyo iliyokunusuru na jela?" Bunloet aliacha kukoroga supu. "Mwanamke alikuwa anakunywa maji mbele yangu," akasema, "nami nina kisu kisichokata. Hiyo pia ihesabu." Yule kijana akalipia bakuli lake akaondoka.

Mwezi uliopita tulikwenda kumtazama Chanwit gerezani. Kuna kioo kati yenu na mnazungumza kwa simu. Amekonda, amenyolewa, kovu la juu ya sikio linaonekana. Aliniuliza kuhusu gari, nikamwambia nimebadilisha klachi. Akamwuliza Bunloet hali ya taya la mdogo wake, akajibiwa kwamba anakula kila kitu sasa, hata mahindi ya kuchoma. Rampha humtumia mabalungi, lakini walinzi hawayaruhusu kuingia.

Kisha akauliza, "Na watu wa Ng'ambo? Mmepatana?"

Bunloet alinitazama mimi. Nilichukua simu.

"Juzi walipigana pale darajani," nikamwambia. "Wa kwetu wawili wako hospitali."

"Nani na nani?"

"Huwajui. Walijiunga baada yako."

Chanwit alibaki na simu sikioni. Mlinzi alipita nyuma yake, akamgusa bega kumwambia muda umekwisha. Aliirudisha simu kwenye ndoano yake, akasimama, akatuunganishia viganja kifuani, nasi tukamjibu hivyohivyo.