Kipande cha Senge Wilkista

Wagonjwa wote waliongojea upasuaji katika wodi ile ya Kitale walikuwa wameulizwa, isipokuwa Wilkista. Jambo hilo lilimuudhi.

Nakhumicha, binti ya kaka yake, alikuwa ametoka chuo kikuu huko Nairobi kuja kufanya utafiti wa saratani ya matiti. Kila mwanamke aliyekuwa afanyiwe upasuaji na Daktari Rotich aliulizwa kama angekubali kipande kidogo cha uvimbe wake kipelekwe maabara. Wengine walikubali, wengine walikataa. Lakini kila Nakhumicha alipofika kwenye kitanda cha shangazi yake, alimjulia hali, akamnyooshea shuka, akapita.

Siku ya kuamkia upasuaji, Wilkista alimshika mkono.

"Si umeuliza hawa wote? Mbona mimi unaniruka?"

"Wewe ni senge yangu, dada ya baba. Nikikuomba utaona haya kukataa."

"Nani alikuambia mimi naona haya? Keti hapa. Niambie hiyo nyama unaitafutia nini."

Nakhumicha akaketi. Shangazi yake alikuwa na mashine ya kusaga unga kule Matulo, aliyoiendesha mwenyewe tangu afiwe na mume, kwa hiyo Nakhumicha alianzia hapo.

"Ndani ya mwili, kila seli iko na mashine ya kutengeneza protini. Maagizo yanakuja mengi, yanapiga foleni. Sasa kuna protini ingine inasimama mlangoni, inaamua agizo gani liingie. Kwa mtu mzima wa afya, hao wa mlangoni ni wachache, kwa hivyo maagizo mengine yanangoja sana. Yale ya kuambia seli izaane na ikatae kufa huwa nyuma kabisa. Lakini kwa saratani nyingi, wa mlangoni wamezidi. Hata hayo ya nyuma yanaingia. Ndio naangalia kama kwa wanawake wa huku ni hivyo pia."

"Na dawa ya kuwapunguza iko?"

"Watu wanaitafuta. Bado."

"Kwa hivyo mimi haitanisaidia."

Wanawake wengi walikuwa wamemuuliza swali hilo wiki zile, naye alikuwa na jibu tayari. Safari hii aliliacha.

"Hapana, senge. Wewe haitakusaidia."

Wilkista akamwachia mkono. "Sawa. Chukua."

Ridhaa yake ilipokelewa na muuguzi Jepkosgei, kwa kuwa haikufaa jamaa aipokee. Walubengo, mwanawe Wilkista aliyefanya biashara ya mahindi Lwakhakha, alifika mchana huo, akaambiwa. Alimgeukia Nakhumicha.

"Wewe ni mtoto wa nyumba hii. Unajua kwetu mtu anazikwa mzima. Babu alipokatwa kidole na msumeno, si kidole kilizikwa nyumbani? Sasa mama akae kwa friji ya Nairobi?"

Nakhumicha aliijua habari ya kidole, na hakuiona ya kipuzi.

"Walubengo," mama yake akasema, "hilo titi ulilinyonya, lakini ni langu. Kipande kiende. Kitakachobaki mpewe, mpeleke nyumbani."

Ikawa hivyo. Baada ya hospitali kuchukua sehemu yake ya kupima, Walubengo alipokea kiboksi kwa mikono miwili, akaondoka bila kumuaga binamu yake. Alikizika kando ya kaburi la baba yake.

Kule Nairobi vipande vilikuwa na nambari tu. Nakhumicha hakujua cha shangazi yake ni kipi, wala hakuruhusiwa kujua, na kwa sababu hiyo kila kimoja alikishika taratibu, kana kwamba ndicho.

Wilkista alipata nafuu, akarudi kwenye mashine yake, akagombana na wateja kama zamani. Kisha ugonjwa ukaingia ini. Alifariki mwaka wa 2006.

Watu walipotawanyika baada ya mazishi, Walubengo alimfuata Nakhumicha kwenye uzio wa boma.

"Mlipata mlichokuwa mnatafuta?"

"Kwa wengi, ndiyo, ile protini ilikuwa imezidi. Kwa wengine hapana, na hatujui kwa nini."

"Na kwa mama?"

"Sijui. Sitawahi kujua."

Walubengo akachuma majani ya uzio. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mke wangu Nasimiyu ako na uvimbe. Anasema ati ni maziwa yameganda. Lakini mtoto ameacha kunyonya kitambo."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Tulikuwa tunaogopa kuambia mama."

Asubuhi iliyofuata walikwenda na Nasimiyu hospitali ya misheni ya Lugulu, wote watatu. Majibu yaliporudi yalisema ni saratani, ila bado ndogo, haijatoka ilipoanzia. Walubengo alipomweleza mkewe, alianzia kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kama mama yake alivyomsimulia. Alikosea mahali kadhaa, na Nakhumicha, aliyekuwa ameketi kando, alimwacha aendelee.