Chumba Namba Saba Kilazwe

Jumanne saa mbili na nusu asubuhi, mfua nguo aliingia kliniki ya kifua na bintiye mgongoni, mara ya nne ndani ya miezi miwili. Tabibu alimkalisha mtoto, akamsikiliza kifua mbele na nyuma. Kilikuwa kinapiga filimbi kama birika.

"Dawa alizimaliza?"

"Alizimaliza, daktari. Akishinda nje nami ninakofua, hajambo. Akilala ndani usiku mmoja tu, ndiyo hali hii. Mimi naona anayeumwa ni chumba."

Tabibu hakucheka. Alizaliwa kwenye uchochoro huohuo, katika safu hiyohiyo ya vyumba kumi na viwili visivyo na madirisha. Kitinda mimba wa kwao alikohoa humo miaka mitatu, na kila alipopelekwa hospitali mama yao aliambiwa amwepushe na unyevu. Mama aliitikia, akambeba, akamrudisha kwenye unyevu, maana hapakuwa na mahali pengine. Mtoto hakufikisha miaka minne. Dada yake, ndiye tabibu huyu, akasoma utabibu kwa hasira, na tangu aanze kazi hakuwahi kumwambia mzazi yeyote "mwepushe".

Jioni alikwenda kukiona chumba namba saba. Unyevu ulikuwa umepanda ukutani hadi usawa wa kiuno. Akaweka stetoskopu kwenye plasta, akasogeza, akasikiliza tena. Pande zote mbili zilikuwa zimejaa. Chumba kikakohoa, sufuria zikagongana rafuni, na mfua nguo akazizuia kwa mkono mmoja bila kugeuka.

"Kimeanza lini?"

"Nilikikuta kinakohoa. Na aliyenitangulia alisema alikikuta hivyohivyo."

Tabibu akatoa fomu ya kulaza mgonjwa, akaandika jina: Chumba namba saba.

Kesho yake wahudumu wanne walikibeba kwa machela mbili zilizofungwa pamoja. Karani wa mapokezi akauliza umri, akaambiwa miaka arobaini na mmoja. Akauliza jinsia, akaambiwa aache wazi. Akauliza ndugu wa karibu.

"Mimi," akasema mfua nguo.

Kikawekwa wodi ya tatu, kati ya mzee mwenye pumu na dereva wa lori mwenye nimonia. Mzee alilalamika kwamba kinakoroma.

"Nyani haoni kundule," dereva akamjibu, akajifunika shuka.

Mfua nguo na bintiye waliendelea kuishi ndani ya chumba hicho, wakitoka asubuhi na kurudi jioni kama kawaida. Dawa hazikusaidia kitu. Siku ya nne tabibu akaamua kifanyiwe upasuaji: dirisha moja, ukuta wa mashariki.

Mganga mkuu akaja juu kama moto wa kifuu.

"Hospitali hii inatibu watu!"

"Mkuu, miaka kumi na mmoja nimetibu watu, kisha nikawarudisha kwenye ugonjwa wao. Nimechoka kutwanga maji kwenye kinu."

"Basi fuata utaratibu. Mwenye mali atie saini fomu ya idhini."

Mwenye nyumba akaitwa. Alikuwa mtu mpole, shati limepigwa pasi. Alikitazama chumba chake kilivyolala, akakipapasa kizingiti.

"Dirisha linaingiza wezi," akasema. "Halafu nikitoboa hiki, vingine kumi na kimoja navyo vitataka." Akarudisha kalamu, akawatakia wagonjwa wote afueni, akaondoka.

Tabibu aliivuta fomu. Palipoandikwa "mwenye mali" akapiga mstari, na juu yake akaandika "anayepumua humo". Akampa mfua nguo. Mfua nguo alipangusa mikono yake iliyochubuliwa na sabuni, akaandika jina lake kwa herufi kubwa mpaka likatoka nje ya kisanduku.

Jumatatu fundi mwashi, mpangaji wa namba tisa, alifanya upasuaji kwa tindo na nyundo huku tabibu akimshikia taa. Tofali la mwisho lilipotoka, chumba kikavuta pumzi ndefu, mapazia ya wodi nzima yakaelekea upande wake. Mtoto akalala mpaka asubuhi, na mama yake kwa mara ya kwanza hakukesha amemkalisha. Mzee wa pumu akaomba kitanda chake kisogezwe karibu na dirisha lile.

Wiki iliyofuata chumba kikaruhusiwa kurudi. Mwenye nyumba alikipokea vizuri. Siku mbili baadaye alikuwa amekwisha kuliziba dirisha kwa matofali mapya na kulipaka chokaa. Tabibu alipewa barua ya onyo. Alhamisi mtoto akaanza kukohoa.

Jumamosi, siku yake ya mapumziko, tabibu alishuka uchochoroni na kitabu kizima cha fomu. Mfua nguo alikuwa ameshafunika sufuria kwa shuka zisiingie vumbi, na fundi alikuwa ananoa tindo. Namba nane kilikuwa kinakohoa, na namba kumi, na namba kumi na moja. Wapangaji walikaa vizingitini wakingoja zamu zao.

"Ataziba tena, daktari," alisema bibi wa namba kumi.

"Ataziba, bibi. Na sisi tutatoboa. Njoo utie saini."

Bibi hakujua kuandika. Alichovya kidole gumba kwenye wino, akakigandamiza juu ya fomu mpaka alama ikatokea upande wa nyuma. Kisha akainama, akaiokota nyundo mwenyewe.