Jembe Lililokuwa Likishuka

Mjomba alimlaza mdogo wangu chini ya jembe la trekta ili ajue kama ni mwongo. Alitaka akiri kwamba ameiharibu mashine makusudi, na dogo alikataa. Basi Mjomba akatunga hukumu kwa kichwa chake kibovu: jembe la sahani tatu liko juu, injini imezimwa, dereva amefungwa mikono na miguu, amelala chali chini yake. Likikaa juu, mashine ni nzima na dereva ndiye mharibifu. Likishuka, mashine ni mbovu na dereva hana kosa. Yaani asiye na kosa ndiye anayekatwa.

Mkaza mjomba ndiye aliyenipigia simu. "Spana, njoo," alinong'ona, maana wote huniita Spana, mimi mwanamke ninayefungua gia boksi za watu kwa riziki. "Mjomba wako anamuua mtoto." Niliacha injini ya mteja wazi mezani, nikapanda pikipiki.

Nilipoingia bandani, sahani ya chini ilikuwa imebakiza kiganja kufika kifuani mwa dogo. Uso umemvimba, jicho moja limefunga, damu imemkaukia puani. Mjomba alikuwa amesimama mbele ya trekta, mgongo karibu na ukuta, bunduki ameilaza juu ya boneti ikinitazama mimi.

"Karibu, fundi," alisema. "Tunapima."

"Jembe limeshuka, Mjomba. Jibu umepata. Mfungue."

"Bado halijamgusa."

Nilipiga hatua kumwendea dogo. Bunduki ikalia, vumbi likaruka mbele ya viatu vyangu.

"Utagusa trekta," alisema Mjomba. "Yeye hutamgusa."

Huyu ndiye aliyetulea mama alipofariki, na kila tonge alilotupa alitusimanga nalo. Hasira zangu ziko karibu kama mate, lakini hasira haijawahi kufungua nati yenye kutu. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Kilitoka na kitu cheupe kama chai ya maziwa.

"Maji," nilisema. "Kwenye trekta kuukuu kama hii, gia na haidroliki inayoinua jembe vinakunywa oili moja. Mpira wa kwenye mkono wa gia umepasuka, mvua imeingia. Ndiyo maana gia zinasaga na jembe halishiki. Nani aliitoa nje masika yote ili aweke mahindi yake humu?"

Alimjua: ni yeye mwenyewe. Akazunguka boneti, akanipiga shavuni kwa kitako cha bunduki mpaka nikaona nyota, kisha akarudi palepale mbele. Nilitema damu. Nyuma yangu jembe lilishuka tena kidogo, na nikamsikia dogo akivuta tumbo ndani.

Njia ya kulipandisha ilikuwa moja tu, kuwasha injini ili pampu isukume oili. Nikapanda kitini na kuushika mkono wa gia. Ulicheza huku na huku bila kushika chochote.

"Iko huru, haina gia," alisema Mjomba. "Washa. Kama ugonjwa ni wa mashine, tutaona."

Angesema hivyo mtu yeyote. Lakini sakafu ya lile banda imeinamia ukutani, breki ya mkono ilikufa kabla sijavunja ungo, na chini ya magurudumu hapakuwa na hata jiwe. Trekta iliyo huru ingekuwa imeshamfuata Mjomba ukutani. Kitu kilikuwa kinaishika.

"Dogo, uliingia na gia gani?"

"Ya pili," alijibu kwa pumzi fupi. "Nilipotaka kuitoa, mkono ukalegea."

Ya pili, ya kwenda mbele. Mkono ulikuwa umekatika huko ndani, gia ikabaki imeuma.

"Mjomba, gia imeingia," nilisema. "Toka hapo mbele."

Alicheka. "Nitoke ili umchomoe? Mimi si mtoto wa juzi. Washa."

Klachi ya trekta ile ina hatua mbili. Ukiikanyaga mpaka chini, pampu na magurudumu vyote vinasimama. Ukiachia nusu, pampu inazunguka na magurudumu yanangoja. Ile ilikuwa imelika, nusu yenyewe nyembamba mno. Nikakanyaga mpaka chini, mguu wa pili nikabana breki ya mguu ili trekta isiteremke, nikawasha, nikaanza kuachia klachi polepole. Pampu ikalia kavu. Jembe likashtuka, likashuka, sahani ikapasua fulana na ngozi, dogo akapiga ukelele ambao bado ninao masikioni. Halafu likaanza kupanda.

"Jiviringishe," nilimwambia, na akajiviringisha mpaka pembeni, akiacha damu sakafuni.

"Limemgusa," nikamwambia Mjomba. "Ugonjwa ni wa mashine. Kwa hukumu yako mwenyewe, yameisha."

Aliangalia jembe, akamwangalia dogo. Nilimwona usoni kwamba amejua, na kwamba kujua kumemzidishia hasira.

"Nani kamruhusu atoke?" Akainua bunduki, safari hii si kwangu. "Arudi chini, au nammalizia hapo alipo."

Dogo hakuweza hata kupiga magoti. Kidole cha Mjomba kikaingia penye kifyatulio.

Nikaondoa mguu kwenye breki, kisha kwenye klachi.

Trekta iliruka. Risasi ikatoboa bati la paa. Pua ya chuma ilimkuta Mjomba kiunoni, ikampeleka ukutani, matofali yakapasuka, na injini ikaendelea kusukuma mpaka ikazimika yenyewe. Alinitazama kwa muda. Baadaye alikuwa haangalii kitu.

Mkaza mjomba alikuwa mlangoni na kisu cha jikoni. Hakwenda kwa mumewe. Alipiga magoti kwa dogo, akaanza kumkata kamba.

"Mguu uliteleza?" aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Haukuteleza."

Aliendelea kukata. "Uliteleza," alisema. "Nilikuwa hapa, nimeona." Akamgeukia dogo. "Na wewe umeona."

Mdogo wangu, aliyekubali kulazwa chini ya jembe kuliko kukiri uongo, alinitazama kwa jicho lake moja, akasema ameona.